Mwizi Niliyemfungia Bandani Msibani

Nilitoka Burundi kuja kuolewa kijijini Vidunda, na majuzi nimemzika mume wangu. Matanga hayajaanuliwa, akaja mzee amevaa koti la marehemu, anachechemea kama yeye. "Mke wangu, chai yangu iko wapi?" Watu wakacheka. Mimi niliona mume wangu anaibiwa na kudhihakiwa. Nikamsukumia yule mzee kwenye banda la mbuzi, nikafunga, nikapiga yowe la mwizi mpaka balozi wa nyumba kumi akaja.

"Mke wangu, unanilaza na mbuzi?" akalia mle ndani.

"Mfungulie, mwanangu," mama mkwe akanisihi, hoi kwa kicheko. "Huyo ni mtani wetu. Kazi ya watani ni kuvaa vitu vya marehemu na kutuchekesha msibani."

Sikuamini. Nikamgeukia balozi anitetee. Alikuwa amevaa viatu vya mume wangu.