Mgeni Kuliko Watu Wote

Nilikuwa mjane wa miaka kama ishirini na mitano, nikikaa na shangazi yangu katika nyumba ya babu yetu hapa Amu. Asubuhi nilisomesha wasichana Kurani. Mchana sikuwa na kazi ila kushona kofia na kusikiliza maneno ya shangazi. Basi afisa mmoja wa serikali, Mwingereza, alipomleta mkewe, na mke akataka mwanamke wa kumfundisha Kiswahili, watu wakanitaja mimi. Shangazi alikubali kwa sharti moja, kwamba masomo yafanyike kwetu, ili naye apate kumwona huyo Mzungu vizuri.

Siku ya kwanza shangazi alisimama juu ya ngazi akamwita kwa furaha, "Ndoo, mwanangu! Ndoo yuu!"

Kwetu Amu "ndoo" ni njoo, na "yuu" ni juu. Lakini yule bibi alikuwa amekisoma Kiswahili kidogo katika kitabu cha lafudhi ya Unguja. Akatazama kulia na kushoto, akaiona ndoo kando ya birika, akaibeba na maji yake, akapanda nayo ngazi zote mpaka juu. Alipoitua mbele yetu gauni lilikuwa limelowa hadi magotini. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Yule bibi alipoelezwa naye akacheka, na tangu hapo nikampenda.

Tulipatana kwamba mimi nitampa Kiswahili, naye atanipa Kiingereza. Nilikuwa na daftari langu, nikiandika maneno yake kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyozoea. Taabu ikaanza mara moja. Alishika kiganja changu akasema "hand." Nikaandika, mkono. Akanishika juu ya kiwiko akasema "arm." Nikamwuliza, "Huu si mkono ule ule?"

"Ndiyo. Lakini hapa ni kingine."

"Mkono mmoja mnaugawa kama shamba la urithi?"

Siku ya pili nikaamua kulipiza. Nikampangia kwenye sinia kitale, dafu, koroma na nazi, nikamwuliza kila kimoja kwao kinaitwaje. Kitale akasema "coconut." Dafu, "coconut." Koroma, akasita kidogo, "coconut." Alipofika kwenye nazi alishakuwa mwekundu, na shangazi akamwonea huruma akampa dafu anywe.

Neno lililonitia mashakani lilikuwa jingine. Mchana mmoja tulikuwa dirishani, akapita mtu wa kisiwa cha Ndau chini kwenye ujia, na kapu lake la samaki wakavu, akiuliza nyumba ya fulani. Bibi akaniuliza ni nani yule. Nikamwambia simjui, ni mgeni. "Aa," akasema, "stranger." Nikaandika katika daftari: mgeni, stranger. Nikafunga daftari na roho yangu imetulia.

Miezi michache baadaye binti wa shangazi akaposwa na harusi ikawekwa. Nyumba nzima ilitaka yule bibi aje. Shangazi akaniambia nimwandikie barua, tena kwa Kiingereza, ajue kuwa tumemheshimu. Sikuwa nimewahi kuandika barua kwa herufi za Kizungu. Ya kwanza nilianza upande wa kulia wa karatasi, na neno la kwanza tu likanigonga ukingoni. Ya pili ilimwagikiwa na wino. Ya tatu ndiyo iliyotoka sawa, na nilikuwa nimeitunga kwa Kiswahili kwanza, hivi: Bibi, siku ya harusi wewe utakuwa mgeni kuliko watu wote katika nyumba yetu. Wanawake wote wanangoja kumtazama mgeni. Kila palipokuwa na neno "mgeni" nikatia lile la daftarini. Nikaisoma mara nne, nikaona nimeandika kama karani wa serikali.

Siku ilipofika tulimtolea kile kiti kikubwa chenye nakshi za pembe, ambacho hata kadhi hukikalia kwa nadra. Tukatandika mkeka mpya uliosukwa kijijini Kipungani mbele yake. Wanawake wakaja, vifijo vikapigwa, bi harusi akapambwa, chakula kikaliwa. Kiti kikabaki kitupu. Jirani mmoja mwenye ulimi akauliza kwa sauti kama kile kiti ni cha majini. Shangazi akageuka akaenda jikoni, nami nikajua amekasirika sana.

Alasiri mtumishi wa yule bibi akaleta bati la biskuti na kikaratasi. Nilielewa nusu yake tu. Anaiombea harusi heri, na anaomba radhi kwa kuwa ameisumbua nyumba yetu muda mrefu. Somo la keshokutwa yake hakuja, wala la siku iliyofuata.

"Tumemkosa nini?" nikamwuliza shangazi.

"Usiniulize mimi. Vaa buibui lako twende ukamwulize mwenyewe."

Tukaenda, sisi wawili. Alitupokea kwa adabu nyingi mno, chai katika vikombe vyembamba, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniita "Bi" badala ya "mwalimu." Hilo liliniuma kuliko kile kiti. Nikashindwa kunyamaza.

"Bibi, tulikungoja. Kwa nini hukuja?"

Akanitazama, kisha akaenda akaleta barua yangu. "Wewe umeandika usije," akasema.

"Mimi? Nimeandika uje!"

Akaisoma polepole, akigeuza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: wewe utakuwa mtu asiyejulikana kuliko watu wote katika nyumba yetu. Wanawake wote wanangoja kumkodolea macho mtu asiyejulikana. Nilihisi uso unaniwaka moto. Nikasema, "Lakini mgeni si ndiyo hilo? Wewe mwenyewe uliniambia, yule mtu wa Ndau!"

Akaitazama tena barua. Kisha akaweka barua juu ya meza, akajifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Alipopata pumzi akatueleza. Kwao mtu usiyemjua ni "stranger," na mtu uliyemwalika ni "guest," na ni maneno mawili mbalimbali kabisa. Wa kwanza unamchungulia, wa pili unamfungulia mlango. Shangazi alisikiliza kwa makini, kikombe mkononi.

"Na yule usiyemyua," akauliza, "akiya akapewa kahawa na tende, ni nani?"

Bibi akafikiri. "Nadhani… anakuwa guest."

"Baada ya vikombe vingapi?"

"Sijui!" akasema, na tukaanza kucheka upya, sote watatu, hata mtumishi akaja kuchungulia mlangoni. Nilimwomba radhi, naye akaniomba radhi, kila mmoja akimkataza mwenziwe. Akasema alikuwa amelia siku mbili, akidhani amevunja desturi fulani na hakuna wa kumwambia. Nikamwambia nami nililia, ila mimi siku moja tu, kwa kuwa ya pili tulikuwa tunaosha vyombo.

"Fungate haiyesha," shangazi akasema akiinuka. "Siku ya saba waya kula kwetu. Sasa hivi nakwalika kwa mdomo wangu, hapana karatasi."

Siku ya saba alikuja, amevaa gauni la rangi ya maziwa. Wanawake wakamvika kikuba cha asumini, wakamfukiza udi mpaka akakohoa, wakamketisha kwenye kiti. Akala pilau, akala samaki wa nazi, akala mikate ya sinia, na kila alipoacha shangazi alimwongeza. Mwisho akaweka mkono tumboni, akasema kwa sauti ya heshima, mbele ya wote, "Ahsanteni. Nimejaa."

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Mtungi ndio hujaa, mtu hushiba. Yule jirani mwenye ulimi ndiye aliyemkumbatia na kumfundisha, "Sema nimeshiba, mwanangu, nimeshiba." Bibi akalirudia mara tatu, akiliandika hewani kwa kidole.

Mimi nilikuwa nimeketi miguuni pake juu ya mkeka. Akaniinamia, akaniambia sikioni, kwa Kiswahili kisichokuwa na kosa hata moja, "Kesho nakuja kusoma, mwalimu. Weka tayari daftari jipya."