Kurasa za Mwisho Zilikwenda kwa Mama Mkwe

Mtu akiniambia kuna kitu cha kunishangaza dunia hii, namcheka. Niliacha shule darasa la sita, nikabeba mizoga ya ng'ombe mgongoni, na leo nina bucha mbili Meru mjini na nyumba ya mawe ambayo hakuna benki iliyonipa hata jiwe moja. Na nimesoma riwaya kuliko hawa wenye digrii wanaokuja kupimiwa robo kilo huku macho yao yakiwa kwenye simu.

Vitabu nilivitoa kwenye rundo la kufungia nyama. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, sisi wa bucha tunafunga kwa karatasi: ndani nyeupe safi, nje gazeti au kitabu kizee. Mimi hununua vizee kwa kilo pale sokoni Gakoromone. Chenye jalada nakiweka cha kusoma. Kisicho na jalada kinakwenda na nyama. Hiyo ni sheria yangu mwenyewe.

Januari sisomi, ni biashara tu. Aprili mvua ikipiga mabati nasoma vyembamba. Lakini Julai! Ukungu umeshuka, manyunyu hayakatiki, wateja wamejifunika blanketi, nami nimevuta kiti kando ya jiko la kuchomea nyama na supu ya kichwa kikombeni. Hapo nataka riwaya ya zamani, nene, herufi kama sisimizi, watu wake wenye mashamba makubwa na mioyo migumu. Vitabu vya siku hizi msiniletee. Vinaisha supu haijachemka.

Julai iliyopita nilikuwa na moja ya mzee tajiri aliyemfukuza binti yake wa pekee kwa kuolewa na mtu asiyemtaka. Kurasa mia tano mzee amenuna tu. Nilimpenda sana. Mwishoni binti anarudi, mvua inanyesha, amesimama langoni anaita. Nikakunja ukurasa hapo, nikaenda Kangeta kununua mbuzi.

Kurudi, kiti ni kitupu. Ndugu wa mke wangu, niliyemwajiri kwa huruma, alikuwa ananoa kisu.

"Kitabu changu kiko wapi?"

"Kile cha kufungia?"

"Kilikuwa kwenye kiti changu, wewe!"

"Shemeji, hakikuwa na jalada. Si wewe ulinifundisha?"

Jalada lilikuwa limelowa kwa manyunyu likabanduka wiki ile ile. Na mjinga huyu alirarua kuanzia nyuma. Kurasa za mwisho zote alifungia kilo mbili za mbavu, akamtumia mama yake Runyenjes, kule Embu. Nyama yangu, riwaya yangu, mama yake.

Nikapiga simu. Mama mkwe hakunitaka tangu mwanzo. Alitaka mwalimu, si mchinjaji.

"Mama, zile karatasi zilizofunga nyama..."

"Ninazo. Nimezikausha motoni. Nimezisoma zote."

"Nitumie kwa gari la jioni, tafadhali."

"Kitu kimeingia kwa wakwe, kirudi na matatu kama gunia la viazi? Wewe mkwe, muthoni wangu, ulilelewa na nani?"

Hapo alinishika. Iwe Meru iwe Embu, kilichovuka lango la wakwe hakirudishwi hivi hivi. Unakifuata mwenyewe, na mikono haiwi mitupu, la sivyo umemtukana mama wa mke wako.

"Basi niambie tu, mama. Mzee alifungua lango?"

"Leta mbuzi nikwambie."

Akakata simu.

Kesho yake nilikwenda na mbuzi, blanketi, sukari na unga. Nilikaa nje kwenye baridi, maana mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, naye akachukua muda wake. Alimfungua mbuzi mdomo, akahesabu meno.

"Amekonda. Ni kama wewe ulipokuja kuoa."

Akashika blanketi, akalisugua kwa vidole.

"Na hili? Sawa. Hata mbwa anasikia baridi."

Mimi, ninayeogopwa na madalali wa Kangeta, nikasema asante mama. Ndipo akaleta kurasa zangu, zimefungwa kwa kamba ya mgomba, zinanuka moshi na mafuta ya mbavu.

Sikungoja kufika nyumbani. Nilisoma ndani ya gari, nje ya lango lake. Mzee alifungua. Lakini alikaa juu akibishana na nafsi yake ukurasa mzima, akatafuta taa, akatafuta viatu, na aliposhuka binti alikuwa ameshaondoka. Hakuonekana tena. Nikaupiga usukani ngumi.

Mama mkwe alikuwa bado langoni, ananitazama.

"Mpumbavu yule, sivyo?" akasema.

"Mpumbavu kabisa, mama."

Ni mara ya kwanza kukubaliana na yule mwanamke. Mbuzi, blanketi, sukari na unga, pamoja na mafuta ya gari kwenda na kurudi: shilingi elfu kumi na nne, mia saba na hamsini.