Malimbuko ya Mideva

Jirani yangu Mideva, mama yake Lorraine, wa hapa Munyaka, ni mkaidi sana. Alipovuna asali ya kwanza kwenye mizinga yake, nilimwonyesha vidudu vyeusi vikikimbia juu ya masega.

"Mama Lorraine, kamua leo, kabla mayai ya vidudu hivi hayajaanguliwa," nikamwambia.

"Malimbuko ya Bwana hayaguswi kabla ya Jumapili!" akanifokea, kisha akayafungia yote stoo.

Jumapili alifungua akiwa na nguo za kanisa. Harufu ya machungwa yaliyooza ilitupiga. Asali ilitoa povu ikidondoka sakafuni, imejaa funza weupe.

Mideva akaanza kulia. Mimi niliwaangalia funza waliokuwa wakipenya chini ya mlango wa nyuma, wakienda kujichimbia kwenye udongo chini ya mizinga iliyokuwa nyuma ya stoo. Huko ndiko huota mabawa na kuwa vidudu vyeusi tena.