Paka Aliyesingiziwa Viroboto

Ilianza siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri. Gari la moshi lilikuwa linapiga filimbi likiingia stesheni, na baba, ambaye aliwahi kufanya kazi ya reli, akasema, "Saa tisa hiyo." Sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunatua mizigo mlangoni kwetu Ipagala, tukitoka kambi ya ng'ombe tulikokaa kiangazi chote. Mimi niliingia ndani wa kwanza kwa hamu ya kumwona paka wetu, aliyebaki nyuma kulinda nafaka. Sijapiga hatua ya tatu, nikahisi kama mtu amenirushia chenga za mtama miguuni. Nikatazama chini. Miguu ilikuwa myeusi mpaka magotini, na weusi wenyewe unaruka.

Nimeyakumbuka haya wiki hii kwa sababu mwalimu wetu wa kike hapa misheni ameleta paka bwenini kwa ajili ya panya, na wasichana wenzangu wamekimbia wameshika magauni, "Atatuletea viroboto huyo!" Mimi sikusema kitu. Mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito kama jiwe la kusagia. Basi ngoja nikueleze wewe usomaye, maana wewe hunitazami usoni.

Nyumba yetu ilikuwa tembe, kama nyumba zote za kwetu: ndefu, fupi kwa kimo, paa lake la udongo ulioshindiliwa tambarare. Upande mmoja tulilala watu, upande wa pili walilala mbuzi na ndama, kwa kuwa nje fisi hawana adabu. Katikati palikaa kilindo, lile pipa la gome la mti, na ndani yake mbegu yetu yote ya uwele. Chini ya kilindo ndipo nilipomkuta paka. Alikuwa amezaa watoto watatu, macho bado hayajafumbuka, naye anajikuna huku ananyonyesha.

Mama alimlaza mdogo wangu kwenye ngozi ili asonge ugali. Maji hayajachemka, mtoto alikuwa na madoa tumbo zima kama kanga wa porini. Alilia mpaka sauti ikakauka, na usiku ule hakuna aliyelala. Kulipokucha baba akatoa hukumu.

"Ni huyu paka. Kiangazi kizima yumo humu peke yake, nani mwingine? Mwezi ukiandama na mtoto bado halali, nawatupa porini, yeye na wanawe."

"Na panya utawafukuza wewe, kwa mkuki?" bibi akamwuliza. Alikuwa mama yake baba, kwa hiyo aliweza. "Wakiimaliza mbegu tutapanda nini, ndevu zako?"

Mama akageuka ukutani kuficha kicheko. Baba akakohoa. "Mama, mimi nimeshasema."

"Nimesikia. Lakini anayeliwa ni mume wangu, si wewe." Mume wake ni huyo mdogo wangu; ndivyo mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume.

Baba akashauri basi paka aoshwe kwa maji ya tumbaku. Bibi akakataa katakata. Paka hujilamba, akasema, ukimpaka tumbaku umemtia sumu mdomoni. Akanigeukia mimi. Akaniagiza niende kwa jirani wa upande wa stesheni, mke wa mfanyabiashara, Mwislamu ambaye wazee wake walikuja na misafara ya pembe za ndovu. Yule ana kitana cha meno ya kubanana, kile cha kutolea chawa.

Rafiki, nilitamani nitumwe kwa fisi. Mlangoni kwake nilisimama bila kupiga hodi mpaka kuku wake wakanizoea. Harufu ya vitumbua ilikuwa inatoka ndani, nami nimekodolea macho kizingiti. Nilikuwa nawaza wale watoto watatu na meno ya fisi, na bado mdomo haufunguki.

"Wewe mtoto ni mgeni au ni nguzo?" akaniuliza kutoka uani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe nguzo inasema! Umetumwa nini?"

"Bibi anaomba kitana cha chawa."

"Chawa wa nani?"

"Wa paka."

Alicheka mpaka akashika mlango. Baadaye nilimweleza yote, sijui nguvu ile niliitoa wapi, mpaka na habari ya mwezi. Hapo akaacha kucheka.

"Mama yangu alizaliwa njiani, katika msafara," akasema. "Walipokuta kibanda kitupu, hawakutua mzigo upesi. Mmoja alijifunga kitambaa cheupe cha merikani miguuni, akaingia, akasimama kila pembe. Pembe iliyomtia weusi, hapo hawalali. Mwambie bibi yako asimfunge mwizi kabla hajajua mali imefichwa wapi."

Akanipa kitana, akanichania na vipande viwili vya merikani. Akanipa na kitumbua, nikala njiani peke yangu.

Paka tulimwosha adhuhuri, jua likiwa kali. Bibi alianza kwa kumzungushia povu la sabuni shingoni. "Ukianza mkiani, wote watakimbilia masikioni," akasema, huku paka anamchora mikono kwa kucha. Kisha tukamchana manyoya, na kila kiroboto tukamtumbukiza katika bakuli la maji ya moto. Watoto hatukuwaosha, walikuwa wachanga mno. Tuliwapitishia kitana polepole na kuwapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, wakilia vilio vyembamba kama mlango mkavu.

Ndipo mama akanifunga merikani miguuni. Baba alikuwa ameketi mlangoni anachonga mpini wa jembe, anajifanya haoni. Nikaanzia penye kilindo, palepale alipolala paka. Nikatoka na vidoa vichache. Jikoni, karibu hakuna. Nikaingia upande wa mbuzi, kwenye samadi ya miaka iliyogeuka vumbi laini, nikasimama gizani nimeuma meno. Nilipotoka, merikani ilikuwa kama imenyunyiziwa baruti. Nilikwenda tu kusimama mbele ya baba.

Aliacha kuchonga, akaitazama miguu yangu.

"Mbuzi wangu hawana viroboto," akasema.

Uelewe, kwetu mbuzi ni heshima ya mtu. Kumwambia mwanamume mbuzi wake ana viroboto ni kama kumtukania ukoo. Paka hana ukoo, ndiyo maana alibebeshwa yeye.

"Basi vaa wewe uingie," bibi akamjibu.

Akavaa! Alijifunga merikani yeye mwenyewe, akainama, akaingia. Alitoka anaruka mguu huu na huu, anajipiga mapajani. Jirani mwingine aliyekuwa anapita na kuni akasimama. "Mbukwenyi!" akatusalimu. "Kumbe kwenu leo kuna ngoma, na hamkutualika?"

Hata baba akacheka. Alipomaliza kujikuna akasema, "Nileteeni shoka." Akaenda kukata miiba ya kujenga zizi nje, miiba mirefu na ya kusongamana ili fisi asipate hata pa kupitishia pua. Jioni ile mbuzi na ndama walilala nje kwa mara ya kwanza, wakilalamika kama wageni walionyimwa chakula.

Kazi ikawa yetu wanawake. Tulikwangua samadi mpaka tukafika udongo mgumu, tukaichoma mbali na nyumba. Tulifagia kila ufa, tukamwaga maji ya moto ya majivu, tukasiliba sakafu upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe mabichi. Ngozi za kulalia tulizipandisha juu ya paa, zikaungua jua huko, jioni tukazipiga kwa fimbo. Nilidhani tumemaliza. Bibi akasema, "Waliokufa ni wazazi. Watoto bado wamo vumbini." Kwa hiyo tulifagia tena, na tena, na kila jioni, baada ya ugali na mlenda, nilimpakata paka na kile kitana. Mwanzoni alinguruma kwa hasira. Baadaye alinguruma kwa raha.

Jioni ambayo watoto wa majirani walipiga kelele kwamba mwezi umeandama, sisi hatukutoka kuutazama. Tulikuwa tumemzunguka mdogo wangu. Alikuwa amelala kwenye ngozi, amefungua mikono, kimya kiasi kwamba mama aliinamisha sikio puani kwake. "Anapumua," akanong'ona, kisha akaketi chini kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Baba akainuka. Akaenda penye kilindo na kibuyu kilichokatwa, akamimina maziwa, akayasogeza.

"Haya, kunywa, mama watoto," akamwambia paka.

Tembe ile haipo tena. Bibi alipofariki tulihama, na mvua zikairudisha udongo. Mbuzi wamekwenda kulisha askari wa vita hii ya Wazungu, na yule mke wa mfanyabiashara sijui yuko wapi. Nyumbani mwake wamewekwa watu wengine. Hapa bwenini sakafu ni ya mawe na usiku hunuka dawa tu. Nikitafuta usingizi, hutafuta kwanza harufu ya udongo mbichi na mavi ya ng'ombe. Wenzangu wangenicheka.

Lakini usiku ule wa mwezi mwandamo nililala kama gogo, na asubuhi yake hakuna aliyeniamsha kufungulia ndama. Niliamka jua limeshapanda. Nikaenda peke yangu upande uliokuwa wa mbuzi, nikaketi katikati ya sakafu mpya, ya baridi, nikanyoosha miguu mitupu mbele yangu, nikakaa hapo bila kazi yoyote.