Nilimtetea Tovani mbele ya baba mkwe mtarajiwa, posa ikakwama

Wakuu, kwema humu ndani?

Mie ni msomaji tu wa siku nyingi, kuandika ni mara moja moja sana. Leo nimeona nifungue uzi maana hili jambo nimekaa nalo kifuani, na kila nikimsimulia mtu uso kwa uso anacheka.

Chekeni tu, ila msome mpaka chini.

Ninachoandika kimenikuta mwenyewe, na sina sababu ya kuwadanganya watu nisiowajua. Wale wa "chai hii" naombeni mkae pembeni kwanza, zamu yenu itafika.

Iko hivi. Kuna season moja ya mambo ya kifalme na mizuka, imetolewa kwenye vitabu, huku mtaani tunaiita "ile ya Ngome". Kama hujaiona wala usihangaike, kipande kinachohusika ni kimoja tu.

Kuna jamaa anaitwa Tovani, mkuu wa walinzi wa lango. Mizuka inakuja, watu wote wamekimbilia ndani ya ngome, mke wake na wanawe wamo humo.

Mama yake mzazi kachelewa. Ni bibi kizee, anakuja anajikongoja, na mizuka iko nyuma yake pale pale. Tovani akisubiri mama aingie, mizuka nayo inaingia.

Anafunga lango. Mama anabaki nje.

Basi, hicho kipande kimewagombanisha watu mpaka kesho. Wapo wanaosema Tovani ndo staringi wa kweli, wapo wanaosema ni adui kuliko hata mizuka yenyewe. Kwenye group letu la mashabiki admin alishafunga group kabisa kisa huyo jamaa, watu walikuwa wanatukaniana wazazi.

Mie nilikuwa timu Tovani, tena mstari wa mbele. Nimeandika magazeti kule kumtetea. Mtu mmoja na mji mzima, unachagua nini? Hisia pembeni, kichwa kifanye kazi. Nilikuwaga najiona nimeongea bonge la point.

Sasa nije kwenye ishu yenyewe.

Nina mchumba, tumuite Zuhura. Ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao Temeke. Mie nakaa Kipawa, kazi yangu ni fundi wa AC na friji.

Barua ya posa alishaipeleka mjomba wangu, yeye ndo mshenga. Wakaipokea vizuri. Ila baba mtu akasema kabla hajajibu anataka anione mie mwenyewe.

Mjomba akanipigia. "Mzee ana swali moja, na hataki kuliuliza kupitia kwangu. Jiandae."

Wakuu, nani alishawahi kuambiwa "jiandae" bila kuambiwa anajiandaa na nini? Chakula kilikuwa hakipiti. Nikawa nakaza nati ya mteja huku nawaza mzee anataka nini. Dini tunafanana. Kazi ninayo. Mtoto wa nje sina, labda nizushiwe.

Nikafika mahali nikasema hapana, hii lazima ni ishu ya mama.

Mama nakaa naye. Baba alipofariki nilimtoa Masasi nikamleta hapa, ana kisukari na miguu inamsumbua. Nina chumba na sebule, yeye analala chumbani, mie sebuleni kwenye godoro.

Tulipoanza mambo ya posa, mama mwenyewe alinikalisha akaniambia, "Mwanangu, ukishaoa mie nirudi zangu Masasi. Nyie mnaanza maisha, mnahitaji nafasi. Msinifikirie mie."

Nikamwambia sawa mama, dawa nitakuwa natuma kwa basi. Tukaendelea na mambo mengine.

Kwa hiyo nikajipa moyo. Mzee akihofia binti yake anakuja kuuguza mama mkwe, jibu ninalo, mama anaondoka. Nikapumua kidogo.

Asubuhi ya siku yenyewe Zuhura akanitumia ujumbe: "Baba anaipenda ile ya Ngome kama wewe tu. Maongezi yakikwama mtajie hiyo."

Zuhura, Mungu anakuona.

Nimefika baada ya alasiri, nimepiga kanzu, jasho linanitoka kama nimepanda paa la bati kufunga mtambo. Mzee ni mstaafu, alikuwa karani bandarini, mtu wa maneno machache. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanionyesha kiti. Pembeni yuko rafiki yake wa kijiweni, Mzee Kondo. Na kwenye TV, wakuu, inacheza ile ile ya Ngome, iliyotafsiriwa.

Kwa walio mbali na nyumbani: zile movie ambazo DJ anaongea Kiswahili juu ya sauti za wenyewe na kuongeza chumvi zake. Mie naangalia original yenye subtitles, hizo nilishaachaga zamani.

Tukasalimiana habari za kazi, habari za Kipawa. Kimya. Mzee anaangalia TV. Nikaona ndo maongezi yamekwama, ngoja nitumie silaha niliyopewa.

Nikasema, "Mzee, mie kwenye hii namkubali sana Tovani."

Mzee akachukua rimoti, akasimamisha picha.

"Unamkubali kwa lipi?"

Na mie nikafunguka! Lile gazeti la kwenye group nikalimwaga lote. Mtu mmoja na mji mzima. Hisia pembeni. Mwanaume lazima afanye maamuzi magumu. Zuhura alikuwa kwenye korido na sinia la juisi, ananikonyeza, anatikisa kichwa, mie namuona na bado naendelea, mdomo umeshakata breki.

Mzee Kondo akasema, "Astaghfirullah."

Mzee akaniuliza taratibu, "Mama yake anamlilia pale langoni, 'mwanangu nifungulie, nimekubeba mgongoni, leo unanifungia nje?' Na wewe hapo unamkubali?"

"Hapana mzee, mama hasemi hivyo."

"Nimesikia kwa masikio yangu haya."

"Mie pia nasikia kila siku," akadakia Mzee Kondo. "Hapo mie huwa natoka nje."

Mzee akaweka rimoti chini. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Kijana, nilikuita nikuulize mkishaoana mama yako atakaa wapi. Naona umeshanijibu. Karibu siku nyingine."

Nikanyanyuka. Juisi sikunywa. Lile jibu langu la Masasi likabaki tumboni, na hata mie nikaona hapo siyo pa kulitoa.

Siku zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Simu ikiita moyo unaruka. Zuhura anajibu "sawa" na "poa" tu, wenye wachumba mnajua hizo sawa na poa zinavyotisha. Halafu mjomba akapiga anafoka.

"Umeongea nini kule? Mzee anasema binti yake hamuozeshi kwa Tovani. Huyo Tovani ndo nani? Umetumia jina la bandia?"

Nikamwelezea. Mjomba akasema, "Yaani mie nimevaa koti nimepeleka barua, wewe unaenda kuniharibia kwa sinema."

Nikaamua nilichimbe lile jambo. Nikaenda kwenye library moja ya movie pale Temeke nikaomba ile episode iliyotafsiriwa, nikaiangalia sambamba na original. Na nikagundua.

Kwenye original yule mama haongei Kiingereza. Anaongea lugha ya kabila lao, ya kubuni, maana yake inaandikwa chini. Kopi aliyopata DJ haikuwa na maandishi. Sasa DJ wa watu afanye nini? Kaona bibi analia nje ya lango, kamtungia maneno ya kulia nje ya lango!

Maandishi yenyewe ni haya: "Funga, mwanangu. Usiniangalie. Funga."

Wakuu, nilipiga kelele mle library mpaka watu wakageuka. Kumbe nusu ya mji huu inamchukia Tovani kwa maneno ya DJ.

Nikampigia Zuhura mbio. Yeye kavisoma vile vitabu. Akasema, "Kitabuni wala haongei. Ananyanyua mkono tu, halafu lango linafungwa. Mpaka leo watu wanabishana alikuwa anaaga au anaomba asubiriwe."

Nikamwambia hilo la kitabu tusimwambie mzee, nakuomba.

Nikarudi kwao, safari hii na mjomba, na laptop nimeikumbatia. Zuhura akakaa kumsomea baba yake maandishi. Lile neno "funga" alilisoma kwa sauti ya chini.

Mzee akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena."

Nikaanza kuhisi nimeshinda. Hata mjomba akajiweka sawa kwenye kiti.

Hapo hapo Zuhura akasema, "Ila baba, kitabuni haongei kabisa." Akamsimulia habari za mkono.

Nilimwangalia yule mtoto wa watu, nikasema basi, kwisha habari yangu.

Mzee akacheka kidogo. "Kwa hiyo DJ kamtungia, na wenye sinema nao wamemtungia." Kisha akanigeukia. "Haya, tuseme alisema funga. Ulitaka aseme nini? Mama gani atasema niingizeni mie, wajukuu wangu wafe? Mama yeyote atasema funga. Mie nauliza yule mtoto wake. Alipoambiwa funga alifanya nini?"

Nikarudisha nyuma mwenyewe. Nilishaangalia kile kipande mara nyingi sana na sikuwahi kuangalia mikono ya Tovani. Anaanza kuvuta mnyororo mama hajamaliza hata kusema.

"Lakini mzee, mji wote ungekufa," nikajitutumua.

"Sijasema asingefunga. Pengine hata mie ningefunga. Lakini ningechelewa." Akasogeza laptop pembeni. "Mama yako yeye anasemaje? Atakaa wapi?"

Nikamwangalia mjomba.

"Anasema atarudi Masasi."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Wakuu, pale nilitamani umeme ukatike. Nikasema kweli.

"Nilimwambia sawa mama."

Aliyeongea ni Zuhura, maana na yeye ndo alikuwa analisikia pale pale.

"Mama anarudi Masasi? Na ile miguu yake? Nani kakuomba? Mie nimekuomba?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani mie ndo mtu wa hivyo." Akanyanyuka akaingia ndani, na mlango wa chumbani nikausikia.

Kuondoka pale sikumbuki hata niliagaje. Kichwani nina jambo moja tu, kwamba huyu mwanamke nimeshampoteza, na tena kwa haki yake.

Nikafika nyumbani. Mama kakaa mlangoni kwenye mkeka na ungo wa mchele, anachambua. Sikuvua hata viatu.

"Mama, Masasi huendi."

Hakuinua uso. "Kwa nini?"

"Sitaki uende. Tutatafuta nyumba yenye vyumba viwili, hata kama ni mbali. Ikishindikana tutabanana hapa hapa. Huendi."

Akaendelea na mchele wake kidogo, halafu mikono ikasimama.

"Mbona mwanzo ulisema sawa?"

"Si wewe ulisema unataka kwenda!"

"Nilisema." Akajifuta macho na ncha ya kanga. "Nilikuwa nasubiri unikatalie, mwanangu. Ulivyosema sawa, nikaanza kufungasha."

Nikaingia chumbani kwake. Begi liko pembeni ya kitanda, limejaa, limefungwa na kamba. Vitenge, msala, sufuria yake moja aliyokuja nayo. Alikuwa anavaa kanga zile zile mbili kila siku na mie nimo humo humo ndani namuona, sikujiuliza.

Nililia wakuu. Mwanaume mzima na kanzu yangu nimekaa chini nafungua fundo la kamba, na mama alilikaza kweli kweli.

Mpaka naandika hapa posa haijajibiwa. Zuhura alikuja Kipawa, akakaa na mama kutwa nzima wanacheka, mie akanisalimia tu kama fundi aliyekuja kuangalia friji. Mjomba anasema niwe mpole. Nakuwa mpole, ila simu ikiita bado moyo unaruka.

Nilichojifunza ni hiki. Mzazi akikwambia "usinifikirie mie", usimjibu haraka. Bishana naye kwanza. Hata kama mwisho wake ataondoka, aondoke anajua kuna mtu alimshika mkono.

Na timu Tovani wenzangu, bado sijahama moja kwa moja, mji nao ulikuwa na watu. Njooni tubishane hapa chini, ila kila anayeandika atuambie na mama yake anakaa wapi.