Kuvua Trauti Bila Ruhusa ya Shemeji

Niliondoka kwa hasira. Tangu mume wangu Elia afariki, shemeji yangu Gedeoni amekuwa akija kwangu hapa Buffalo, Marekani, mtaa wa Lower West Side, kubeba vitu kimoja kimoja: koti, redio, hata saa ya ukutani. Wiki iliyopita aliiona fimbo ya Elia ya kuvulia samaki nyuma ya mlango.

"Samedi nakuja kuibeba," akasema kwa Kifaransa chake cha kuchanganya, yaani Jumamosi. "Donc, wewe mwanamuke utavulia wapi?"

Sikumjibu. Nilikwenda kukata kibali cha kuvua kwa jina langu.

Jumamosi alfajiri, Mama Furaha, Mrundi ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee, alinipitia kwa gari. Tulishika barabara ya kusini, tukayaacha maghala, yakaja mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa na vilima vyenye misitu ya rangi ya kutu. Baridi ilikuwa kama ya kwetu, milimani Kivu Kusini, Kongo.

Tulifika kwenye shamba lenye kijito alichokuwa akivua Elia, na mzee Mmarekani aliyekuwa akimruhusu kupita alitupokea. Niliposema Elia hayupo tena, alivua kofia. Kisha akaitazama fimbo.

"Unajua kuitumia?"

"Nilimtazama Elia miaka yote."

"Mawe yanateleza, mama."

"Basi nitateleza."

Akacheka, akatufungulia geti.

Kijito kilikuwa chembamba, maji maangavu. Trauti, samaki wa maji baridi, ni mwoga. Akiona kivuli chako, amekwenda. Nilipiga magoti nyuma ya kichaka kama Elia, nikarusha chambo kishuke na mkondo hadi chini ya mizizi. Kwanza ndoano ilinasa majani, kisha skafu ya Mama Furaha. Halafu fimbo ikapinda! Nikavuta kwa pupa, samaki akachomoka, nami nikatumbukia hadi kiunoni.

"Turudi, dada, utaugua."

"Rudi garini upate joto. Mimi bado."

Hakwenda. Nilifunga ndoano nyingine kwa vidole vilivyokufa ganzi. Jua lilipoyafikia maji, fimbo ikapinda tena. Safari hii sikuwa na haraka. Nilimwacha samaki ahangaike mpaka akachoka. Alikuwa wa rangi ya shaba, na madoa mekundu ubavuni. Nikamshika kwa mikono miwili, nikalia kwa sauti.

Mchana tulipofika nyumbani, Gedeoni alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama suruali yangu iliyolowa, kisha samaki.

"Nani amevua hii?"

"Mimi."

"Bon. Lete fimbo."

"Hapana, shemeji. Ukitaka kula, karibu. Lakini hapa hutabeba kitu tena."

Alisubiri nicheke. Sikucheka. Akashuka ngazi bila kuaga.

Miezi yote hiyo nilinyamaza nikidhani naheshimu ukoo. Kumbe yeye aliuchukua ukimya wangu kuwa ruhusa. Hilo ndilo nililojifunza. Samaki tulimla mimi na Mama Furaha, kwa ugali na pilipili, tukamaliza hadi kichwa.