Seva ya akiba niliiweka kwenye mashine ile ile

Leo asubuhi nimepigiwa makofi kikaoni. Kufika mchana natamani kujificha chini ya meza.

Nashughulikia kompyuta za chama chetu cha kahawa hapa Mbinga. Leseni ya programu ya kupokelea kahawa ya wakulima inalipiwa kwa kila mashine inayoiendesha, na sisi tulikuwa tunalipia mbili. Nikaona nibane matumizi: seva pepe ya mapokezi, yaani kompyuta ya kiprogramu inayokaa ndani ya mashine, na ile ya akiba ya kushika kazi ya kwanza ikifa, nikazihamishia zote kwenye mashine moja. Meneja alivyofurahi, jamani!

Mashine hiyo ikazima.

Na akiba yenyewe imo humo humo. 🤦🏾‍♂️

Mashine ya pili inawaka vizuri tu, ila ni tupu.

Nje kuna foleni ya wakulima. Mama mmoja wa Mpepai ameshashusha magunia, na gari lililomleta linapiga honi.

"Shikamoo mama. Samahani sana, mashine imegoma, leo hatuwezi kupokea."

"Marahaba." Akayatazama magunia yake, kisha akanishika mkono. "Pole mwanangu. Najua si kosa lako."

Semeni ukweli, nyie mngemjibu nini?

Mimi nilisema, "Asante, mama."